Ukienda Bronx Zoo, uliza wamerudisha nini nyumbani

(Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi kwenye mkutano wa familia zetu za Waswahili hapa Bronx, New York. Wengi mlikuwa kazini na mmeomba niiweke yote, kwahiyo nimeiandika kama ilivyotoka mdomoni, zile picha za ukutani tu ndo nimeziacha.)

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, shikamooni wazee wangu, na nyie vijana hamjambo?

Naona hapa kuna watu wa Dar, wa Mombasa, wa Unguja, nawaona ndugu zangu wa Goma na Bunia pale nyuma, wa Bujumbura wako upande huu, karibuni sana. Nimeombwa niseme machache kabla hatujaenda na watoto Bronx Zoo, ile bustani ya wanyama, wiki ijayo, na nitaanza na lile neno ambalo mama mmoja aliniambia mlangoni hapo nje, maana najua wengi mnalo moyoni. Aliniambia hivi, mwalimu, mimi nimekulia Morogoro, basi la kwenda Iringa linapita katikati ya Mikumi, tembo nimewaona dirishani bure kabisa, sasa kwanini leo nilipe dola nikamwangalie mnyama aliyefungiwa mjini?

Hilo swali ni la haki. Tena ni swali zuri kuliko maswali mengi ninayoyasikia kuhusu hii bustani.

Kama tunaenda kumwangalia mnyama tu, tupige picha, tununue aiskrimu tukalale, basi kweli hamna haja, simu zenu zimejaa video za simba. Lakini Bronx Zoo ni kitu kingine. Imefunguliwa mwaka 1899, ina eneo la kama hekta 107 hapa hapa mjini kwetu, na wenye nayo ni shirika la uhifadhi wa wanyamapori linaloitwa WCS ambalo kazi yake kubwa iko nje huko, kwenye misitu na bahari za nchi nyingi, zikiwemo nchi zetu. Hao hao watafiti wao ndo walikuwepo nyanda za juu kusini mwa Tanzania mwaka 2003 walipomwona kipunji kule mlima Rungwe, yule nyani ambaye wanasayansi walikuwa hawamjui kabisa, ingawa wazee wa kijijini walikuwa na jina lake siku zote na wakilisema watu wa nje wanadhani ni hadithi tu.

Kwahiyo mimi nataka mbadilishe kipimo. Msihesabu wanyama wangapi wako ndani ya uzio. Ulizeni wangapi wametoka wakarudi kwao! Ulizeni wamerudisha nini nyumbani. Nitalisema hilo mara nyingi leo, mnivumilie.

Sasa nani hapa anamjua chura wa Kihansi? Nyoosheni mikono. Naona wachache, na wote ni wa Tanzania, sawa.

Haya sikilizeni. Kwenye milima ya Udzungwa kuna mto unaitwa Kihansi, unaporomoka kwenye korongo, na yale maporomoko yalikuwa yanarusha manyunyu mchana na usiku, mwaka mzima, majani yamelowa saa zote. Kwenye yale majani, eneo la hekta chache tu, yaani dunia nzima hapo tu, hakuna pengine, alikuwa anaishi chura mdogo wa rangi ya njano, jike mkubwa kabisa hafikii sentimita 3. Na huyu hatagi mayai majini kama vyura wengine mnaowajua, anazaa watoto, vichura kamili vya milimita 5 hivi. Mnaelewa? Milimita 5! Muumba hakukosea kitu pale.

Watafiti walimkuta mwaka 1996, na hapo ujenzi wa bwawa la umeme la Kihansi ulikuwa tayari umeshaanza. Bwawa la megawati 180. Na sisi sote tunajua umeme ni nini, mimi nimesoma kwa kibatari, sitasimama hapa mbele yenu niseme umeme wa Kihansi ulikuwa mbaya, viwanda, hospitali, shule, vyote vinataka umeme. Lakini mwaka 2000 mitambo ilipokuwa inafanya kazi, karibu asilimia 90 ya maji yalikuwa yamechepushwa, hayapiti tena kwenye maporomoko, na manyunyu yakakatika. Majani yakakauka. Vyura wakaanza kwisha.

Serikali ikafanya mambo mawili. Kwanza wakatandaza mabomba kule korongoni yanayonyunyiza maji, kutengeneza manyunyu ya kutengenezwa na binadamu. Pili, mwishoni mwa 2000, vyura 499 wakakusanywa, wakapandishwa ndege, wakaletwa wapi?

(Watu wakajibu: Bronx!)

Bronx. Hapa hapa, dakika chache kutoka kwenye ukumbi huu. Na nakumbuka kelele za nyumbani wakati ule, watu wanasema yaani vyura wanapata viza ya Marekani sisi tunapanga foleni, wengine wanasema umeme kwanza, wengine wanasema tumeuza urithi wetu. Hasira ile ilikuwa na msingi wake, maana Afrika imebebewa vitu vingi mno ambavyo havikurudi, tusijifanye tumesahau.

Sasa kuja huku hakukuwa na raha. Wale vyura walikufa sana. Hakuna mtu duniani aliyewahi kuwafuga, hawakujua wanataka mwanga wa aina gani, chakula gani, maji ya namna gani, magonjwa yakaingia, na kufika mwisho wa 2004 katika bustani zote za Marekani zilizokuwa nao walikuwa wamebaki chini ya 70. Fikirieni, kutoka 499 mpaka chini ya 70, na kule nyumbani napo mambo yameharibika, maana mwaka 2003 walikuwa wameongezeka vizuri kwa yale mabomba halafu ghafla wakaporomoka, na kuvu anayeua vyura, kitridi, akakutwa kule korongoni. Januari 2004 waliotafuta waliona vyura watatu tu. Watatu! Na 2009 likatangazwa rasmi kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini.

Kwahiyo ilifika wakati uhai wote wa huyu kiumbe wa Udzungwa ulikuwa kwenye matangi ya kioo ya miji miwili ya Marekani, Bronx hapa na Toledo kule Ohio. Hao wafanyakazi, ambao majina yao hamtayasoma popote, walikuwa wanaamka kila siku kurekebisha taa, kupima maji, kuzalisha vijidudu vya kuwalisha, mwaka baada ya mwaka, kwa chura wa nchi ambayo wengi wao hawajawahi kuikanyaga. Mimi hapo ndo naweka heshima yangu, wapendwa. Yaani kazi ile haina makofi wala mtalii wa kukushangilia, ni kubadilisha maji na kuhesabu vyura.

Na wakajua siri yake. Vyura wakaanza kuzaa. Wakawa mamia, wakawa maelfu. Na Agosti 2010 vyura 100 wakapanda ndege tena, safari hii wanaelekea Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Watanzania wenyewe walishaandaa chumba maalumu na wataalamu wao wamekuja kujifunza huku jinsi ya kuwatunza. Na kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa korongoni Kihansi.

Mnaona? Wamerudi. Kilichobebwa kimerudishwa!

Je kazi imeisha? Haijaisha. Kuvu bado ni tishio, mabomba yanatakiwa kutunzwa, na chura anayeishi kwa manyunyu ya bomba anaishi kwa uangalifu wetu, siku mafundi wakiacha basi. Lakini mimi nikimpeleka mwanangu Bronx Zoo simwambii kwanza twende kwa simba. Namwambia hapa, ndani ya jengo hili la nyoka na vyura, ndipo Udzungwa ilipohifadhiwa.

Haya. Sasa nataka kusema jambo zito, na wazazi wenye watoto wadogo msihofu, nitalisema kwa adabu. Siwezi kuwapeleka pale bila kulisema.

Mkurugenzi wa kwanza wa hii bustani aliitwa William Hornaday. Mtu huyu ana sifa moja kubwa sana. Wamarekani walikuwa na baisoni, ni ukoo mmoja na nyati wetu, walikuwa mamilioni kwa mamilioni kwenye nyika za huku, na kwa bunduki tu, ndani ya karne moja, wakabaki mamia. Mwaka 1905 pale pale Bronx Zoo ikaanzishwa jumuiya ya kuwaokoa, Hornaday akiwa rais wake, na Oktoba 1907 wakatoa baisoni 15 kwenye bustani, wakawapakia kwenye treni, wakawapeleka Oklahoma, milima ya Wichita. Wazee wa Wakomanchi, wenyeji wa asili wa nyika zile, walikuja kuwapokea, na mkuu wao Quanah Parker akiwepo, watu ambao maisha yao yote yalikuwa ni baisoni, na watoto wao walikuwa hawajawahi kumwona hata mmoja. Baisoni wa Wichita wapo mpaka leo. Wamerudishwa nyumbani.

Lakini mwaka mmoja kabla ya ile treni, Septemba 1906, Hornaday huyo huyo aliruhusu kijana wa Kongo, anaitwa Ota Benga, awekwe kwenye nyumba ya nyani na aonyeshwe kwa watu pamoja na orangutani. Binadamu, ndugu zangu. Mtoto wa mtu. Maelfu wakaja kumtazama na kumcheka. Ni wachungaji weusi wa mji huu waliosimama, wakiongozwa na mchungaji James Gordon aliyekuwa na nyumba ya yatima Brooklyn, wakapiga kelele mpaka akatolewa. Ota Benga alikwenda kuishi Lynchburg, Virginia, alitamani kurudi kwao Kongo, hakurudi, na Machi 1916 akajitoa uhai.

Shirika la WCS liliomba radhi rasmi mwaka 2020. Miaka 114 baadaye.

(Hapa ukumbi ulinyamaza, na mzee mmoja wa Bunia akasema kwa sauti, asante kwa kumtaja.)

Kwanini nayaleta haya mawili pamoja? Kwa sababu mtu anaweza kumpenda mnyama na kumdharau binadamu, na historia ya uhifadhi imejaa watu wa namna hiyo, hata kwetu, vijiji vimehamishwa kupisha hifadhi na mwenye kijiji hakuulizwa. Mimi siamini uhifadhi wa namna hiyo na nadhani hata hauishi, kwa sababu anayebaki kule porini na yule mnyama usiku ni mwenye kijiji. Kwahiyo mkipita pale na watoto wenu, mtajeni Ota Benga kwa jina. Baisoni 15 walirudishwa kwao kwa treni na yeye hakurudishwa. Ile radhi ya 2020 ilikuwa lazima na ilichelewa mno.

Sasa twende kwa okapi, na hapa nataka wa Ituri mnisaidie. Okapi anaishi nchi moja tu duniani, Kongo ya kwenu. Miguu ina mistari kama punda milia lakini ndugu yake wa kweli ni twiga, ukimwangalia ulimi utaamini, ni mrefu mpaka anasafisha nao masikio. Pale Bronx wapo kwenye sehemu ya msitu wa Kongo iliyofunguliwa 1999, pamoja na gorila. Ile sehemu ilijengwa kwa wazo ambalo mimi nalipenda sana, mgeni alikuwa analipa kiingilio cha pekee na yeye mwenyewe anachagua hela yake iende kwenye mradi gani wa uhifadhi Afrika ya kati, na kwa njia hiyo zimekusanywa mamilioni ya dola. Mtoto alikuwa anachagua mwenyewe, anaona hela yake inakwenda wapi.

Na hela ya uhifadhi inakwenda kwa watu gani? Juni 2012 kule Epulu, makao ya Hifadhi ya Okapi, majangili wenye silaha walivamia alfajiri kwa sababu askari wa wanyamapori walikuwa wamewabana, wakaua watu wasiopungua 6 na okapi wote 14 waliokuwa wanatunzwa kituoni wakafa. Askari wale wanaongea Kiswahili hiki hiki tunachoongea hapa. Mtu anavaa buti asubuhi anaingia msituni, mshahara mdogo, familia kijijini, na anajua fika kwamba jangili ana bunduki kubwa kuliko ya kwake! Kwahiyo mtu akiniuliza kwanini nilipe kuingia zuu, mimi namjibu nataka ile hela imfikie yule askari. Na nina haki ya kuuliza kama inamfikia. Nyie pia mna haki hiyo, ulizeni pale pale, msione aibu ya lugha.

Kuna wenzetu wa Unguja hapa wenye jamaa Muscat, hawa nawaletea kisa cha choroa wa Arabuni, yule mweupe mwenye pembe ndefu. Wa mwisho porini waliuawa Oman mwaka 1972. Lakini watu waliona mbali, tangu 1963 walishakusanya wachache kwenye bustani ya wanyama ya mji wa Phoenix, Arizona, jangwa kwa jangwa, wakazaliana pale, na mwaka 1982 choroa wakaachiliwa tena Oman, wakilindwa na watu wa kabila la Harasis ambao ndo wenye jangwa lile. Kufika 1996 walikuwa kama 450. Furaha kubwa! Halafu? Majangili wakaanza kuwakamata kuwauza, wakashuka mpaka 65 hivi, eneo la hifadhi likapunguzwa kwa asilimia 90, na 2007 UNESCO ikaliondoa kwenye urithi wa dunia, ni mara ya kwanza kabisa kuondoa mahali. Nashukuru choroa mwenyewe hajapotea, nchi nyingine za Uarabuni nazo zimewarudisha na leo hali yake ni nafuu. Ila bustani ya Phoenix ilifanya kazi yake yote vizuri na bado mambo yakaharibika nyumbani. Zuu inaweza kukutunzia, haiwezi kukulindia.

Na nisipomtaja Happy vijana hawa wataniuliza. Happy ni yule tembo wa Asia wa Bronx Zoo aliyepata jina kwa kesi yake. Kuna watu walikwenda mahakamani wanasema huyu tembo ana akili, anajitambua kwenye kioo, apewe haki ya kuachiliwa aende hifadhi kubwa. Mwaka 2022 mahakama ya juu ya jimbo ikakataa, majaji 5 kwa 2. Mimi sheria siijui sana, lakini nimesikiliza pande zote na nasema mbele yenu, tembo ni mnyama wa ukoo na wa safari ndefu, mji hauna nafasi ya kumtosha. Bustani yenyewe ilishasema mwaka 2006 kwamba haitaleta tembo wapya, na mimi naona walifanya vema. Chura wa sentimita 3 unaweza kumpa dunia yake yote ndani ya chumba ukimjali. Tembo huwezi. Kwahiyo kuipenda hii bustani hakutuzuii kuiambia, kwa hili la tembo hatupo na wewe.

Sasa mambo ya safari. Tunakutana Jumamosi ijayo saa nne asubuhi, treni namba 2 mpaka Pelham Parkway, tunatembea pamoja mpaka mlango wa Bronx River. Wenye magari wabebe wazee. Wale ambao hela haijakaa sawa mwezi huu msijifungie ndani, kuna utaratibu wao wa siku za Jumatano, ingieni kwenye tovuti yao muone masharti na mchukue tiketi mapema, na anayekwama aniambie mimi pembeni tutasaidiana, hakuna mtoto atakayebaki. Vaeni viatu vya kutembea. Bebeni maji na chapati zenu. Msigonge vioo, na watoto wafundisheni tangu nyumbani wasigonge vioo, mnyama anasikia.

Na kila familia iandike swali moja la kumuuliza mtunzaji. Liandikeni kwa Kiswahili kama mnavyoongea, hawa vijana wetu watalitafsiri pale pale. Swali la kwangu nimeshaliandika, nataka kujua vyura wangapi wa Kihansi wapo hapa leo, na wangapi wamepangiwa kurudi.

Nimemaliza, asanteni kwa kunisikiliza. Nani ana swali? Mama wa Morogoro, anza wewe.